Mama wa Mferejini

Homa Bay, 4 Mei 2025

Kwa binti yangu Filister,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tuko. Kakako Bonface alipita juzi na lori la miwa akienda Awendo, yuko mzima, ameongeza shingo tu. Mimi goti ni lile lile. Wewe je? Baridi ya Leeds imekuachilia? Unakula?

Haya, salamu zimetosha, sasa niseme kilichonikaa rohoni. Picha zako nimeziona. Nimezivuta kwa vidole viwili mpaka simu ikashika moto. Uko kando ya ule mfereji mkubwa, maji yametulia, njia imenyooka kama imepigwa pasi, na umeshikana mkono na huyo bibi unayemtunza, Joan. Mnacheka. Nikajiambia, Milka, hiyo ni kazi, mtoto analipwa kushika huo mkono. Lakini Filister, amevaa sweta ya nani? Hiyo ya manjano niliifuma mimi, mguu ukiwa juu ya kigoda kwa maumivu. Sikumfumia Joan. Joan hana watoto wa kumfumia?

Na chini ya picha umeandika, "Mimi na Mama matembezini." Mama yupi? Lynnet, yule msichana wa jirani, alipoiona aliniuliza kama umeolewa huko na huyo ni mama mkwe. Nikamwambia wapi, nani anashikana mkono na mama mkwe? Hata huko kwa wazungu sidhani wamefika hapo.

Halafu mnaenda wapi? Huku mtu akitembea anaenda soko, kanisa, matanga, ama anasindikiza mgeni. Nyinyi mnazunguka na kurudi palepale mlipotoka. Mimi nimeambiwa na daktari nitembee kila siku ndio goti lisikauke, na ninayeshikana naye ni mpini wa ufagio. Uliniahidi unakuja Agosti unitembeze mwenyewe. Wamama wa kanisa nimewaambia wote. Usinitie aibu.

Ni mimi mamako mzazi,
Milka

*

Leeds, 11 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Mimi mzima, nakula, baridi imepungua na maua yametoka. Pole na goti. Msalimie Bonface na hiyo shingo yake.

Mama, una wivu. Usikatae, naijua sauti yako hata kwenye maandishi. Umetia sahihi "mamako mzazi," kwani nimesahau nilitokea wapi?

Acha nikuelezee uone hakuna kitu. Nje ya jiji hili kuna bustani kubwa ya kila mtu, ndefu, inafuata mfereji wa zamani uliokuwa ukibeba mashua za makaa. Siku hizi mashua ni za watu wa starehe, na kando yake wametengeneza njia za kutembea. Kuna njia ngumu za vijana kupanda vilima. Kuna rahisi, tambarare, hazina ngazi wala matope, zimewekewa vibao vya kijani na benchi kila unapoanza kuchoka. Sisi tunafuata vibao vya kijani. Tunawapita mabata, tunawapita watu na mbwa wao, kila mtu anasema habari ya asubuhi, tunafika kwenye daraja la matofali, tunarudi. Basi. Sweta nilimvalisha siku moja upepo ulipokuja, akakataa kuivua. Ana shida ya kusahau. Asubuhi nyingine ananiuliza mimi nani, ila mkono wangu anaujua.

Kuna kitu kitakuchekesha. Nikimaliza zamu nilikuwa namuaga mlangoni naondoka. Siku moja nikamwambia kwetu mgeni haachwi mlangoni, anasindikizwa. Akapenda. Sasa kila jioni ananisindikiza mpaka steji ya basi, na mimi siwezi kumwacha pale, kwa hiyo namsindikiza kurudi, naye akifika anataka kunitoa tena mpaka steji. Tunaenda hivyo mpaka tunacheka. Hata basi limenipita.

Agosti nakuja. Tiketi nimelipia.

Mwanao wa pekee wa kike,
Filister

*

Homa Bay, 1 Juni 2025

Kwa Filister,

Habari ya siku nyingi. Sisi tuko. Mvua imenyesha, mahindi yamesimama vizuri. Natumai wewe na mamako wa huko hamjambo.

Umesema nitacheka. Sikucheka. Sweta nilikuwa nimesamehe. Neno "mama" nilikuwa nimeanza kulisamehe, kwa sababu mtu mzima huitwa mama popote. Lakini kusindikizana, Filister? Hiyo ni yangu na wewe. Ulipokuwa shule ya bweni, kila likizo ikiisha ukirudi huko, nani alikutoa mpaka barabarani, ukanirudisha mpaka kwenye ua, nikakutoa tena, mpaka babako akasema tumerogwa? Siku ile ulipoenda uwanja wa ndege goti lilikataa, nikaishia langoni, nikalia kwa sababu ya hiyo. Na wewe umeichukua ukampa mtu ambaye kesho hakumbuki jina lako. Umemgawia kama sukari.

Ndiyo, nina wivu. Nasema wazi. Mimi si malaika.

Lakini usinihurumie. Na mimi nimepata mtu wangu. Lynnet ananitembeza sasa, kila asubuhi. Tunaenda kule kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, juu ya ukingo wake, ni tambarare pia, hakuna ngazi. Vibao vya kijani hatuna, tuna mpunga wenyewe wa kijani. Tunawapita korongo, tunawapita wanawake wanaopalilia, kila mtu anatusalimia na salamu zetu si za haraka kama za huko. Lynnet ana mkono wa nguvu. Nimempa kile kitanda chako apumzikie tukirudi, na nimeanza kumfumia kitu. Rangi sikuambii.

Salimia mfereji,
Milka

*

Leeds, 6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Naomba unisamehe kimya hiki cha mwezi mzima. Barua yako niliisoma kwenye simu ndani ya basi nikakasirika. Kitanda changu, mama? Nikasema nitakujibu hasira ikiisha, kisha likatokea jambo na sikupata mkono wa kuandika.

Joan ameanguka. Jioni moja ya Juni nilimrudisha nyumbani, nikamwambia leo tumesindikizana ya kutosha, mvua inakuja, nikakimbilia basi. Mtoto wake wa kiume alikuwa ndani anapika. Joan akafungua mlango taratibu akatoka kunifuata, anisindikize. Steji hakuiona. Alishika ile njia ya mferejini ambayo miguu yake inaijua, akalipita daraja letu, akaenda hata mahali pasipo vibao. Alipatikana na watu wa mashua, amelala kando ya maji, nyonga imevunjika. Walipomuuliza anaenda wapi alisema, "Natoa mgeni."

Mama, ni mimi niliyemfundisha. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alimuaga mtu mlangoni na kufunga mlango. Hakuna mtu hapa angetoka gizani kumfuata mgeni. Mtoto wake hakunilaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kanishika bega tu.

Ametoka hospitali sasa, anajifunza kutembea upya kwa kile kifaa cha magurudumu, na hataki mkono wa mwingine. Wakimletea mtu anapiga kelele. Kwa hiyo tiketi nimeirudisha. Agosti siji. Najua unavyosikia ukisoma hapa. Tafadhali usinijibu kwa habari za Lynnet.

Nisamehe.
Filister

*

Homa Bay, 9 Julai 2025

Filister mwanangu,

Pole. Pole sana, na ninasema kwa moyo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na goti hili.

Hii chini si yako. Ni ya Joan. Mgeuzie kwa Kiingereza, umsomee, usipunguze chochote.

Mama Joan, hujambo? Mimi ni Milka, niliyemzaa Filister. Nasikia umevunjika nyonga ukimtoa mwanangu, na nakupa pole. Nakuambia pia kwamba nimekuonea wivu tangu Mei. Nimekutukana jikoni kwangu kwa Kiluo na kwa Kikuria, kwa sababu nilizaliwa Kuria nikaolewa ziwani, kwa hiyo nina matusi ya pande mbili. Mkono unaoushika niliukata kucha mimi. Kila asubuhi unatembea na kitu changu.

Sasa sikiliza, kwa maana mwanangu amekufundisha kusindikizana nusu, ile ya mwisho hakukufundisha. Anayesindikiza hajirudishi mwenyewe. Anaendelea tu kutembea, kwa heshima, hata akichoka, hata kwake kukiwa kunamngoja. Ni yule anayesindikizwa ndiye husimama na kumwambia, "Umenifikisha. Rudi sasa." Asiposema, mwenzake ataenda naye mpaka asipopajua. Filister amekutoa miaka miwili. Hatarudi kama hujamwambia, namjua, nilimlea hivyo. Mwambie, mama. Mimi pia ni mzee na mimi pia ninangoja.

Ni mimi mwenzako,
Milka

*

Leeds, 3 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima.

Nilimsomea Joan barua yako bila kupunguza, hata matusi. Kisha akauliza, "Amekasirika, mama yako?" Nikasema ndiyo. Akasema hata yeye angekasirika.

Siku tatu hakuitaja. Nikajua imemtoka kichwani. Ya nne tulienda mferejini na kifaa chake, benchi ya kwanza tu. Alipofika akashika breki, akautoa mkono wangu kwenye mkono wake, kidole kwa kidole, akasema kwa Kiingereza chake maneno yako yale yale, "Umenifikisha. Rudi sasa." Nikamwambia nikuache hapa peke yako? Akarudia, kwa ukali kidogo. Ilibidi nisimame mbele yake nikilia, nimwombe ruhusa ya kumfikisha nyumbani.

Wiki iliyofuata alikubali mtu mwingine, msichana anaitwa Abena. Jana ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda kununua zawadi zako, nikapitia mferejini ili nimuage. Nikawaona wanakuja kwenye vibao vya kijani, Joan na Abena, wameshikana mkono. Wanacheka, mama. Walipofika kwangu Joan akaniangalia kwa adabu, akasema, "Habari ya asubuhi," kama anavyowaambia wenye mbwa, wakanipita.

Nilisimama pale nikaona wivu. Nilitamani kumng'oa yule msichana mkono. Na mimi nilimjua Joan miaka miwili tu.

Tiketi nimelipia upya, nafika Kisumu Alhamisi asubuhi. Sitapitia popote. Mama, nisamehe kwa kila picha.

Filister wako