Na Mbwa Wetu Anauma

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepoa sasa theluji inapoyeyuka. Sisi huku mjini hatujambo. Mume wangu Rosaire anakusalimu sana, anasema shira ya miti uliyotuletea ni tamu kuliko ya mwaka jana, ila ananishuku kwamba naila kwa kijiko akiwa kazini. Ni kweli.

Ningekupigia simu, lakini simu ya bondeni kwenu ni ya nyumba zote na ina masikio mengi, na haya si ya kusikia jirani yako Bi Gagnon.

Ulinikataza kwenda kwenye ile shughuli ya chuo kikuu, ya kuondoa jina la yule profesa mlangoni mwa maktaba. Ulisema waache wafute uchafu wao wenyewe. Basi usininunie, Mama, sikwenda kama mgeni. Mimi ni mpishi wao, nilikwenda na birika la kahawa na maandazi yangu.

Mkuu wa chuo hakuficha kitu. Alisema profesa wao aliwatuma akina mama wapole mabondeni waulize nani ni ndugu wa nani, kisha akaandika kwamba koo zetu za mabondeni ni mbegu mbovu zisizofaa kuzaa. Alisema watu walichukuliwa wakapasuliwa wasizae tena. Akaomba radhi, akaomba wenye ndugu waliofanyiwa hivyo wasimame. Hakusimama mtu. Nilisikia uchungu na kicheko pamoja, maana nani wa kwetu atasimama tena ahesabiwe na chuo kikuu?

Baadaye bibi mmoja mwenye viatu vizuri alinifuata kwenye kahawa. Akasema pua yangu anaijua, akauliza mimi ni mtu wa nani. Nawe unajua ulivyotulea: mwenye viatu safi akiuliza ndugu zako, jibu ni moja, lile la nyumbani kwetu tu. Nikamwambia tuko wachache tu, wengine wamehamia Kanada.

Akaweka kikombe chini. Akasema mimi nimesahau mwisho wa jibu hilo: na mbwa wetu anauma. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema hatujawahi kuwa na mbwa, mwanangu, hata siku moja.

Mama, kaa chini kwanza. Ni Odile. Dada yako yu hai.

Waliomwambia Bibi, mama yenu, kwamba alikufa kwa homa huko walikomfungia walidanganya. Alipoachiwa alirudi bondeni akakuta nyumba tupu, nanyi mmeshahama na kubadili jina. Tulijificha vizuri mno, hata yeye akatukosa. Aliolewa na fundi viatu, Mungu amrehemu, na ndiyo maana ana viatu vile. Hakujaliwa mtoto. Sababu unaijua.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Uliniambia mara moja tu, tukimenya viazi, kwamba ni wewe uliyemtaja Odile kwa yule mama wa chuo, ukiwa mdogo, kwa ajili ya peremende. Umeubeba mzigo huo maisha yako yote. Nimemwuliza. Alishangaa sana. Anasema wewe ulikuwa chini ya kitanda, mdomoni peremende aliyokupa yeye ili utulie, hukutamka neno. Yule mama aliuliza nyumba hii ina watoto wangapi, na Odile akamjibu kwamba yuko peke yake.

Ndiyo maana walimchukua yeye tu.

Tutakuja naye Jumapili. Anapenda supu ya njegere, nzito, kama alivyopika Bibi. Aliniuliza tuko wangapi siku hizi, nikaanza kumtajia watoto wako na wajukuu, akanizuia. Anataka kuwasikia kutoka kinywani mwako.

Nisalimie wote, hata Bi Gagnon. Ukisikia hodi Jumapili, Mama, fungua, umtaje kila mmoja wetu kwa sauti.

Nakupenda sana.

Binti yako,
Solange