Mkebe wa Mashine Yako

Imewaka, Baba Wanja. Injini yako imewaka, na ni msichana wako aliyezungusha hendo ya kuiwasha, si fundi wa kuitwa.

Sasa nikusalimie. Hapa Kibugu tuko salama, majani chai yamekubali, lakini ndugu yako Njeru atanimaliza. Tulipokuzika tu, hata maua hayajakauka, akaleta watu wa vyuma vikuukuu na lori. Ati mashine ya kusaga imelala, ati siku hizi watu wanasagiwa na stima huko Manyatta, chuma ni chuma. Nilitoka na kikombe changu cha chai nikaketi juu ya injini. Walingoja mpaka wakachoka.

Basi Wanja, na hiyo akili unajua alitoa kwangu, akawa anapanda kutoka mtaa wao wa Dallas huko mjini kila Jumapili na nguo za kanisa, anaifungua nati moja moja. Mimi nikanunua rangi ya buluu, ing'ae kama geti la padri. Akakataa. Ati rangi yako ya kijani ibaki vile imebabuka. Nimezaa mtu mgumu, na huo ugumu hakutoa kwangu.

Ilipowaka nikapiga ngemi, vigelegele vyetu vile. Yeye akaizima.

"Mama, mkebe wa Baba uko wapi?"

Nikachoka kabisa. Injini imefufuka na mtu anauliza mkebe! Ule wa mafuta ya kupikia, uliokuwa ukiufunga juu ya bomba la moshi ndio watu wasikie umefungua. Nilikuwa nanyweshea kuku nao. Akamwaga maji, akaufunga, akawasha tena. Tong, tong, tong, mpaka ng'ambo ya mto. Kelele ile ile niliyokugombeza nayo kila asubuhi.

Mara Mama Nyaga wa ng'ambo huyo, anapanda na mahindi mgongoni, hakuna aliyemwita. Akasimama mlangoni, akaniuliza polepole, "Baba Wanja amerudi?"

Nilimpokea mzigo tu.

Lala, mzee wangu. Nikiwa hai, hakuna lori litaibeba. Nimeambia kijiji kizima waje na mahindi yao, na Njeru ndiye atazungusha hendo, nione kama chuma ni chuma. Wewe sikiliza tu, Jumamosi asubuhi.