Ukinifikia Kifuani, Usisugue

Kwa dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta goti lako limepoa na nyumba ya Kisauni haivuji tena upande wa jikoni. Mimi huku Uingereza ni mzima wa kuandika, si mzima wa kusifiwa, na kwa hilo Mungu ashukuriwe.

Nitakwambia moja kwa moja, maana nakujua, ukipata barua ndefu huanza kuisoma mwisho. Ugonjwa umerudi. Ile saratani niliyokwambia wameikata pamoja na ziwa langu la kushoto imejitokeza tena, safari hii kwenye mfupa wa nyonga, na daktari hakuzunguka: hakuna cha kukata tena. Nataka kurudi nyumbani. Nataka nikifa nioshwe na wewe. Lakini kabla sijakata tiketi kuna habari moja ya mwili wangu ambayo lazima uijue, kwa kuwa wewe ndiye unayeitwa kuosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na siku hiyo utaiona kwa macho yako.

Nilikwambia kwamba waliniundia ziwa jingine. Sikukwambia lilivyokuwa. Walichukua nyama ya tumbo langu wakaipandisha kifuani, wakaishona vizuri, siwalaumu. Lakini halikuwa na chuchu wala ule weusi unaoizunguka. Lilikuwa tupu kama goti. Nikiwa nimevaa hakuna aliyetambua kitu. Nikivua, nilikuwa naoga nimegeukia ukuta.

Najua utasema, "Mwanaidi tangu utotoni kazi yake kioo." Hapana, dada, safari hii si urembo. Mume sina, alishaniacha kabla ya haya yote, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpendeza. Nilichoka tu kujiona kama kazi iliyoachwa njiani.

Hospitali wakaniambia imebaki hatua ya mwisho. Kuna muuguzi ambaye huchora ule weusi kwa sindano na wino, mpaka ufanane na wa upande wa pili. Nikakataa. Sisi mwili hatuuchori, nalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Nikajifanya mwerevu, nikaenda kwenye duka la Wasomali nikanunua hina, nikajipaka duara mwenyewe mbele ya kioo, ulimi nje kama bibi harusi anayejipamba bila somo wa kumwongoza. Likatoka rangi ya karoti. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Baada ya juma likaanza kufifia vipande vipande, nikakaa kwenye ukingo wa bafu nikalia.

Nikamwendea mke wa imamu wa msikiti wa huku, mama mmoja mtaratibu. Nilipomaliza kueleza akasema, "Aliyevunjika mguu akiungwa hatumwambii amejiremba." Mwanamke mwingine aliyekuwa amekaa naye pale pale akasema haramu ni haramu. Nikarudi na maneno mawili, nikakaa nayo miezi. Mwisho nilikwenda, dada. Sikulazimishwa na mtu.

Yule muuguzi, anaitwa Helen, alitoa vichupa vyake vya rangi akavipanga. Vyote vilikuwa vya Wazungu, waridi hii na waridi ile. Akaniangalia, akaviangalia, akaona haya. Akaanza kuchanganya, akinipaka tone moja moja begani ili tuone. La kwanza lilikuwa kutu, la pili majivu. Nikamwambia aongeze wekundu kidogo, na hapo ikakaribia, rangi ya halua iliyokolea moto. Akaniuliza kama niko tayari. Sindano ikaanza, nami nimekaza meno nikingoja maumivu. Hayakuja. Ile nyama haina hisia, dada. Alichora duara zima nami sikusikia kitu, sauti tu ya mashine. Nililia kwa sababu haikuuma. Maskini Helen akadhani ameniumiza, akawa ananiomba radhi.

Lilipopona nilijitazama. Halikudanganya mtu, ukilisogelea unaona ni mchoro. Lakini toka siku ile nikaoga nikitazama mbele. Nilipata miaka miwili hivi ya amani, na ndiyo hiyo niliyoipata.

Sasa nikuambie ninachokiogopa. Nakumbuka siku uliporudi kutoka Shanzu, ulikoitwa kumwosha yule mwanamke aliyekuwa akifanya kazi hotelini. Wakati huo Mama yu hai bado, nami niko jikoni nakuna nazi, hamkujua nasikia. Ukamwambia:

"Ana jina la mtu mkononi, mama. Mimi nikadhani ni piko la dukani, ile rangi nyeusi nzito ya kujipaka, nikasema maji hayatafika ngozini. Nikashika dodoki nikasugua, nikasugua hata ngozi ikachubuka. Kumbe ni la sindano."

"Ukafanyaje?"

"Nikaliacha. Kajichora mwenyewe, atajibu mwenyewe."

Hukumtaja jina, wala habari ile haikutoka nje ya nyumba yetu, na hilo nakusifu kwalo. Ila ile sauti uliyosemea "atajibu mwenyewe" sijaisahau mpaka leo. Nimekaa na daktari akinitajia kifo changu, sikutetemeka kama ninavyotetemeka nikiifikiria sauti ile juu yangu mimi, nami siwezi kukujibu.

Kwa hiyo nakuomba. Ukinifikia kifuani, upande wa kushoto, usisugue. Halitoki. Wino uko ndani ya ngozi, maji yanafika juu yake kama yanavyofika kwingine. Yule anayekumiminia maji asione. Nifunike kwa shuka, upitishe mkono wako chini yake, kama ulivyofundishwa. Roho yako ikiwa na shaka, muulize mwalimu wa madrasa, ila usimwambie unamuulizia nani.

Nisalimie shemeji Athumani, mumeo, na bintiyo Rukia, ambaye nasikia ameshakuwa mrefu kukushinda. Shangazi Saumu mbusie mikono yote miwili. Na jirani yetu Mama Kadzo mwambie huku hakuna mtu anayejua kuumua mahamri. Wakikuuliza nimeandika nini, waambie nasalimia.

Hapa tulipo wapo wanawake wa msikitini wa kuniosha. Ni wapole, hawanijui, hawatauliza lolote. Wamekwisha kuniambia nisiwe na wasiwasi, na ningeweza kuyaacha yakawa hivyo. Lakini nimeishi na wageni miaka hii yote, dada, na sitaki wawe wao tena siku hiyo.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, usimwagize Rukia akuandikie. Ukiandika "njoo", nitakuja. Ukiandika kingine chochote, hata kikiwa kirefu na kizuri na kimejaa dua, nitaelewa, nami nitabaki huku.

Mdogo wako,
Mwanaidi