Mikia Kwenye Vibao vya Mstari

Umetimia mwaka, Mstari, tangu brashi zako zikauke kwenye kopo, na uvumi ule bado unamlilia mkeo masikioni kama mbu. Ulianzia kwa mwenye duka la rangi. Yeye alimwambia muuza mkaa, muuza mkaa akamwambia jirani, na jirani akaja kuumwaga nyumbani huku akijifanya anaazima sindano: Mstari siku hizi ananunua thina ya kuzimulia rangi makopo mawili kwa wiki, na zamani kopo moja lilimtosha mwezi mzima. Thina yote hiyo haiwezi kuwa ya rangi. Anainusa.

Wasiokujua tuwaambie. Ulikuwa mchora vibao, na nusu ya maduka ya mtaa wetu yanasomeka kwa mkono wako. Jina la Mstari ulipewa na waliokuona ukipiga mstari wa urefu wa ukuta bila rula, pumzi umeibana mwanzo, unaiachia mwisho. Kila kibao ulikifunga mwenyewe kwa skrubu nne. Ulisema herufi nzuri kwenye kibao kilicholegea ni kuchekesha watu. Pembeni, chini kabisa, uliandika mwezi na mwaka kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Nyumbani hukuwa mtu wa maneno mengi. Chai uliipuliza mara tatu hata ikiwa imepoa. Binti zako wawili walijua kazi ya siku kwa kutazama kucha zako: kijani ni duka la dawa, nyekundu ni bucha. Mdogo alikuwa anakukagua mlangoni kama mwalimu wa zamu.

Mkeo ndiye aliyeona mwanzo, mezani. Shavu la kulia lilivutwa juu, mkono wa kulia ukaruka mara moja kama wa mtu aliyeguswa na umeme, kisha ukatulia kabla hata ya kuhesabu tatu. Chai ikamwagika. Ukasema mkono umelala. Kesho yake ukaruka tena, na baada ya wiki chache ulikuwa unaruka mara kumi kwa siku, mara ishirini. Ukaanza kuuliza mara mbili kama geti limefungwa, ilhali umelifunga mwenyewe.

Lakini mkeo alikwisha kupata jibu lake mtaani. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo laja. Akanusa shati lako, akanusa mto, akanusa kofia. Vyote vilinuka thina, kama vilivyonuka miaka ishirini. Safari hii harufu ile ile akaiona ushahidi. Akafunga makopo stoo, ufunguo akautia kifuani.

"Baba watoto, niambie ukweli. Unanusa?"

"Nanusa nini?"

"Thina."

Ulitaka kucheka, shavu likavutwa kabla ya kicheko. "Mama watoto, thina mimi nimeichoka. Hata ugomvi wako unaninukia thina."

Yeye akasikia mtu anayekwepa swali.

Mtaani wakaanza kukuita Mkia, kwa sababu ya vimikia vilivyokuwa vinatokea kwenye herufi zako. Kinyozi alikuuliza mbele ya wateja kama kibao chake umekiandika kwa brashi au kwa mkia wa ng'ombe. Ukamjibu kwamba hata huyo aliyeko kwenye kiti hajui ananyolewa kwa wembe au kwa panga. Watu wakacheka mpaka mteja akaomba kioo. Mkeo alikuwa anapita na furushi la nguo za kupiga pasi. Hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wako, ulioushika kwa mkono mwingine, nyuma ya mgongo.

Mkeo akamwita kaka yako, akaja akaketi kwenye kiti chako. Ukawekwa kikao sebuleni, mtu mzima mwenye mvi, ukasemwa kama mtoto aliyevunja sahani. Ukaapa. Hakuna aliyekuamini. Zahanati tulikwenda mara moja tu. Wakasema ni mawazo, wakatupatia vitamini, nasi tukarudi nyumbani tumeridhika. Miezi saba ikapita hivyo.

Halafu asubuhi moja ukaanguka mlangoni mwa stoo, mwili mzima ukikakamaa na kutikisika. Mkeo akakimbilia kikombe, akakutia maji mdomoni, akidhani anakuzindua. Hili analiandika kwa sababu kuna mwenzake atakayetaka kufanya hivyo hivyo.

Hospitali kubwa, daktari wa mishipa ya fahamu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikaa akiutazama mkono wako dakika chache tu. Uliruka mara tatu. Akauliza umeanza lini. Mkeo akasema ni thina.

"Nimekuuliza lini, mama," daktari akasema. "Sijakuuliza nini."

Walichukua damu, wakachukua na maji ya uti wa mgongo. Majibu yalipokuja, daktari alimketisha mkeo akamweleza taratibu, kwa kuwa mkeo aliishia shule ya msingi na alimwambia hivyo bila kuona haya. Alisema chembe za ubongo hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo mno. Huyu hurusha ujumbe, yule anaudaka kwa vipokezi vyake. Vipokezi hivyo havikai mahali pake vyenyewe. Ziko protini zinazovipanga na kuvishikilia, na nyingine hukaa mwanyani, zikifunga upande huu na ule ili mdakaji aelekeane na mrushaji. Askari wa mwili wako, wale wa kupigana na maradhi, walikosea adui wakaishambulia mojawapo. Vipokezi vikalegea, vikapungua. Ujumbe ukawa unakwenda ovyo, mkono ukaruka, kumbukumbu ikavuja.

Mkeo alizijua protini za maharage na mayai. Akauliza kama alikulisha vibaya. Daktari akasema, "Hapana, mama. Hizi si za sahani. Mwili huzitengeneza wenyewe." Ndipo mkeo akauliza kama ni sawa na skrubu za kibao. Daktari akasema ni karibu sana na hivyo.

Dawa ya kuwatuliza askari wale ilianza. Siku ya nne mkono haukuruka. Ukaomba kalamu, ukapiga mstari nyuma ya bahasha ya majibu, na ulinyooka. Bahasha ile anayo. Lakini mapafu yako yalikuwa yamekwisha kuchafuka kwa maji ya kikombe kile, tangu asubuhi ile ya kuanguka, na homa yake ndiyo iliyokuchukua siku ya kumi na moja. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba wengi wakiwahishwa hurudi kazini.

Baada ya kukuzika, mkeo alifungua stoo. Nyuma ya mbao alikuta gunia la matambara, kila moja limelowa na kukauka kwa rangi: nyekundu, bluu, kijani. Ndiyo thina yako hiyo, Mstari. Ulikuwa unafuta mikia. Unaandika, mkono unaruka, unafuta, unaandika tena, peke yako juu ya ngazi, bila kutuambia.

Mikia uliyosahau kuifuta bado ipo. Mkeo alizunguka mtaa mzima akisoma tarehe zako za sisimizi. Wa kwanza uko kwenye duka la dawa, herufi ya mwisho, mwembamba kama ukucha wa paka ulioteleza. Ni wa miezi miwili kabla ya chai kumwagika. Alikuwa akipita chini yake kila siku.

Sasa binti yako mkubwa ndiye anayeshika brashi. Daktari amesema ugonjwa huu kwa kawaida haurithiwi, na mkeo amemwomba aliseme hilo mara tatu. Hata hivyo juzi aliona mkia kwenye kibao kipya cha fundi viatu. Hakuuliza mtu, hakunusa kitu. Alimteremsha binti kwenye ngazi na brashi yake mkononi, akampeleka hospitali. Njiani binti akasema, "Mama, ni nzi. Alitua kwenye rangi mbichi akatembea." Alipimwa, mzima. Mtaa umecheka wiki nzima. Wacheke. Akitua nzi mwingine, mama na binti watakwenda tena.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, kaka yako ambaye tangu kikao kile haketi tena kwenye kiti chako, na mtaa unaokusoma kila siku. Hatutakusahau maadamu tuna macho.

Na ninyi mnaosoma, mke wa Mstari anawaomba:

Usinuse shati la mtu kabla hujautazama mkono wake.

Usiite uchovu kitu kinachorudi kila siku.

Usimwache apande ngazi, wala asikae peke yake na moto.

Usiridhike na vitamini ikiwa mkono bado unaruka.

Anayetikisika usimtie maji mdomoni, wala kijiko, wala kidole. Mlaze ubavu, umpeleke hospitali.

Usiite kikao kabla ya kuita daktari.

Usingoje mkia wa pili.