Nani Aliyemfunua Salim Fulana

Jumanne usiku

Salim wangu ametolewa mpira wa oksijeni, kaomba uji mwenyewe. Alhamdulillahi.

Nimonia. Daktari asema mafua yalimshuka kifuani, vifuko vya hewa mapafuni vikajaa maji na usaha, pumzi ikakosa pa kuingia. "Mama, umewahi," akaniambia.

Ni mimi niliyewahi. Wifi yangu Mwanaisha alikuwa akimkanda kifua kwa mafuta ya nazi na kitunguu thomu. "Tulia wifi, kesho atacheza." Mimi nikamfunua fulana, nikaona mbavu zabonyea ndani kila akivuta pumzi. Nikambeba mbio hadi hospitali.

Sasa mtaa mzima wamsifu Mwanaisha, ati mkono wake una baraka. Naye hakanushi.

Hilo ningelimeza. Lakini Salim alipomaliza uji kaniuliza, "Shangazi yuwaja lini anikande?" Nikageuka nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Bado akikohoa namfunua fulana nitazame mbavu.

Jioni wifi kapiga simu, ataka kupika pilau ya shukrani. Nimemjibu, "Sufuria ni yangu. Wewe njoo umkande mwanao, lakini fulana nitamvua mimi, mbele ya watu, niwaeleze nilichokiona siku ile."

Ijumaa baada ya swala, Salim akiwa ashatoka hospitali. Waje wote.