Benchi la Nyuma pale Rådhuset

Mama Keza, binti yangu,

Ni mimi, bibi yako wa mtaa wa Rissne. Kalamu siijui hadi leo. Naongea, simu inaandika, kama ulivyonionyesha jikoni kwako wakati huna tena nguvu za kusimama. Nilikuambia sitaki mambo ya simu. Ukasema, "Bibi, nikiondoka utaniletea habari kwa mkono wa nani?" Basi hizi hapa.

Kwanza nikutoe wasiwasi: Keza tunaye. Mahakama imesema nimlee mimi mpaka awe mtu mzima. Sasa tulia nikusimulie.

Unalikumbuka lile jengo la Rådhuset, mara ya kwanza tulipopita? Mnara ule, mawe yale, milango ya kuzuia jeshi. Nikapiga ishara ya msalaba nikidhani ni kanisa. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye ngazi. "Bibi, humu watu wanahukumiwa, hawabatizwi." Juzi nimezipanda ngazi zile zile na sikucheka. Goti linauma.

Maana watu wa ustawi wa jamii walikuwa na shaka. Walisema wameona ninavyompenda mtoto. Lakini mimi ni mzee, sikusoma, wala si damu yenu. Keza mwenyewe walimuuliza, akawajibu kwa Kiswidi chake. Nikatafsiriwa: anataka kubaki kwa bibi, ingawa bibi ana kelele. Mshenzi yule! Nililia siku nzima. Ila kulikuwa na familia nyingine ya kumchukua, inayokaa mbali na sisi. Watu wazuri tu, siwasemi vibaya. Lakini hawakukujua. Nani angemwambia Keza kwamba mama yake aliimba vibaya kuliko kwaya nzima, na kwa sauti kubwa kuliko wote?

Mwanasheria wangu aliniambia nije asubuhi, nije na kitambulisho. Hakusema nije peke yangu. Na kwetu Burundi nani huenda barazani peke yake? Huyo ni mtu asiye na watu. Basi nikawaambia wamama wa kwaya. Walikuja wote, Mama Keza! Wamevaa kitenge kile cha buluu tulichoshona kwa mazishi yako. Hata Bi Zuhura, jirani yangu Mtanzania, Mwislamu wa watu, alivaa sare na hijabu yake juu. Mlinzi mlangoni akawa anafungua mikoba: maandazi, chai, maandazi tena. Akauliza kama kuna harusi.

Mwanasheria alipotuona uso ulimbadilika. Akamwambia mkalimani aniambie kwamba hapa si kanisani, jaji anaweza kuona nafanya maonyesho. Hapo niliogopa kweli. Nikajisemea, mzee mjinga wewe, unampoteza mtoto kwa ajili ya vitenge.

Jaji alikuwa mwanamke kijana, nywele amezifunga kama anakwenda kufua. Akauliza wale ni kina nani. Nikasema, "Ni watu wangu." Akawaacha wakae benchi la nyuma. Dari ya chumba kile iko juu huko, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga. Mimi!

Aliuliza mengi, nikajibu. Halafu likaja lile nililokuwa naliogopa. Nikiugua je? Nikifa kabla Keza hajakua?

Nikamwambia, "Jaji, mwanangu, mimi nitakufa, wala si siri. Tazama kule nyuma." Nikawaonyesha mmoja mmoja. Yule humpeleka Keza mpirani. Yule hunisomea karatasi za shule. Yule wa hijabu hulala kwangu kifua kikinibana. Mama Joziane wa kwaya akasimama bila kuitwa, akasema kwa Kiswidi chake cha kufanya kazi hospitalini: bibi akiondoka nipo mimi, na nikiondoka mimi wapo hawa. Wakasimama wote. Mkalimani, Mkongo masikini, akachanganyikiwa, akaanza kumtafsiria jaji kwa Kifaransa.

Jaji hakucheka wala hakukasirika. Alituambia tukae, kwa upole. Kisha tukatolewa tungoje, tukangoja kwenye ngazi za mawe tukila maandazi, na mwanasheria naye akala, mawili. Tulipoitwa tena, nilisikia jina la Keza na jina langu pamoja. Mengine sikuyasikia.

Sasa nikushukuru. Nilipofika nchi hii nilikuwa nazungumza na friji. Wewe, usiye wa tumbo langu, ulinishika mkono ukanipandisha treni, ukanipeleka kwaya, ukawaambia wale wamama, "Huyu ni wa kwetu." Benchi lile ni wewe uliyelijaza. Mimi nililikuta. Nilifika mahakamani na watu kwa sababu yako, na ulikuwa umeshalala ardhini. Asante, mwanangu. Asante sana.

Kwenye karatasi ya mahakama kuna jina moja, langu. Siku nitakayokuja huko, usiniulize mtoto nimemwacha na nani. Unawajua.

Na nakuahidi, hatasahau ulivyokuwa, hata ubaya wa sauti yako. Jumamosi hii zamu ya kumsuka ni yangu. Najua atalia na kusema mama alikuwa hamvuti nywele. Nitamwambia uongo huo akamwambie mwingine, mimi nilikuwepo.

Lala salama, Mama Keza. Nywele za mtoto zipo mikononi mwetu.

Bibi yako