Razan na Mashine ya Boti

Mama yangu,

Niwie radhi kwa kukawia kukuandikia. Razan haniachii mkono hata mmoja. Kampuni ya boti imeungana na chuo kutufundisha sisi Wabajuni wa Mkokoni ufundi wa mashine, na atakayefaulu ataajiriwa.

Shida ni mjukuu wako. Halali ila mashine ikinguruma. Tukiizima tuifungue, analia mpaka darasa linasimama. Jana mwalimu Douglas alichoka: "Mama Razan, wiki nzima nimefundisha kuwasha tu."

Jumatatu ni mtihani wa kufungua mashine na kuirudisha. Najua kazi hii huipendi, mama, lakini mimi naitaka.

Nitumie ovaroli ya kaka Bakr, sabuni ya kutoa girisi, na wewe mwenyewe uje unishikie mtoto. Sabuni ukiisahau, si neno.

Mwanao,
Ummu